Uzi: Vijana wa Amu (Lamu) na Malindi wana kazi mikononi, wanakwama kwa nauli, jina na sanduku la vifaa

FundiLangoni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naandika nikiwa karakanani, alasiri, vijana wameshakwenda zao. Mezani kuna mfaa wa mlango ambao kijana wangu mmoja ameuacha nusu. Kwa asiyejua, mfaa ni ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana, na ndio hupewa nakshi iliyo bora. Kijana huyu ni wa Kizingitini. Aliishia darasa la nane, babake alipotea baharini, na huu ni mwaka wa tatu yuko nami. Pitisha kidole kwenye nakshi yake, hakikwami popote. Mimi kwa umri wake sikuwa na mkono huo.

Wiki iliyopita alirudi kutoka Mombasa bila kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, aliokuwa ameulipia. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa linaanza kwa A, kwenye karatasi ya kungojea kitambulisho limeandikwa kwa U. Watu wa Amu mnalijua jina hilo bila mimi kulitaja, sote hulitamka vile vile. Akaambiwa akarekebishe kwanza. Boti ya Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 300, siku mbili kwa jamaa, na ada ya mtihani, zote zikaenda na maji. Aliporudi aliketi pale kwenye kizingiti cha mlango akaniambia, "Ami, mimi nirudi zangu kwa nyavu." Sikulala usiku ule.

Ndipo nikaona nifungue uzi huu. Kila tukizungumza habari za vijana wasio na uwezo, neno la kwanza ni karo na la pili ni kujengewa chuo. Karo ni mzigo, sikatai. Hadi 2023 vyuo vya ufundi vya serikali kuu vilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Lakini serikali ilikuwa ikimchangia mwanafunzi 30,000 na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ikikopesha mpaka 40,000. Politekniki za vijana, ambazo tangu ugatuzi wa 2013 ziko chini ya kaunti, ni nafuu zaidi. Na alama si kizuizi kama watu wanavyodhani, kwani kozi za ngazi za chini kabisa zinampokea hata ambaye mtihani wa sekondari ulimshinda.

Ninachokiona mimi kwa macho yangu, mwaka baada ya mwaka, ni kwamba kijana hukwama kwa vitu ambavyo hakuna anayevihesabu. Kabla ya kuingia darasani hana kitambulisho, hana nauli, hana pa kulala. Akimaliza, ana cheti lakini hana patasi. Baina ya hapo tumemwekea mfadhili, mwalimu na jengo. Huku na huku hakuna kitu.

Na kazi ipo. Mji wetu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba hizi hizi za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko na milango ya kuchonga. Nyumba hizi haziwezi kukarabatiwa kwa saruji na mabati, zinataka watu wanaozijua. Matondoni vyombo vinaundwa na kukarabatiwa hadi leo. Siyu kuna ngozi. Mwaka 2018 mafundi wa hapa, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, waliunda dau zima kwa plastiki iliyookotwa fuoni, zikiwemo kandambili, wakaliita Flipflopi, na 2019 likasafiri mpaka Unguja. Wale mafundi tezo waliishika kwa wazee wao.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi miaka kumi na minne bila karatasi. Kuna kampuni moja ya ujenzi iliwahi kunipa milango sita ya kuchonga. Nilipokwenda kuomba niandikwe kama fundi mkuu wa kazi ile, niliulizwa cheti. Sikuwa nacho. Wakamwandika mtu mwingine, mimi nikalipwa kibarua cha kutwa, na milango ikatoka kwa mkono wangu. Ile tofauti ya malipo ingenijengea chumba. Mwaka uliofuata nilikwenda kufanya mtihani wa daraja la III nikiwa na mvi.

Kwa wasioujua: mtihani huu wa NITA una daraja la III, la II na la I, kwa kupanda. Haukuulizi umesoma wapi. Una sehemu ya vitendo na sehemu ya maandishi. Aliyefundishwa chini ya mwembe anaweza kuufanya sawa na aliyetoka chuoni. Ndiyo maana nauona ni mlango wa maskini, na ndiyo maana linaniuma kumwona kijana akirudishwa kwa herufi moja.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Wapi mlikwama, na nani alipita vipi?

---

BintiWaFaza

Waaleikum salaam kaka fundi. Umenigusa pale pa "ana cheti lakini hana patasi."

Mimi nilisomea ushonaji. Nilipita vizuri. Nikarudi Faza na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki, na cherehani sina. Nyumbani hakuna wa kuninunulia. Miaka miwili cheti kimekaa kwenye kasha la mama pamoja na nguo zake za harusi. Nilikuwa nikienda kwa jirani kushona usiku yeye akiwa amelala, kwa cherehani yake, nikimwachia nusu ya pesa. Mkono ukaanza kusahau. Watu hawajui hilo: ufundi ukikaa bila kazi hutoka mkononi.

Kilichoniokoa ni chama. Tulikuwa wanawake kumi, tunachanga kila Ijumaa, na zamu yangu ilipofika nikawaomba wasinipe pesa taslimu, wakaninunulie cherehani ya kukanyaga. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sare za shule, suruali kumi na mbili za kaptura. Nakumbuka zote.

Jambo la pili ni la sisi wasichana. Mnasema chuo kipo Amu au kipo bara. Boti za Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na wakati wangu maji yakitoka mlikuwa mkingoja yajae. Hukuweza kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa saa ya mwalimu, bahari ilikuwa na saa yake. Basi msichana lazima alale. Alale kwa nani? Baba yangu hakukataa kusoma, alikataa nilale nyumba asiyoijua. Nilipata kwa sababu shangazi yangu anaishi Mkomani, mtaa wa hapo Amu mjini. Wenzangu watatu tuliojiandikisha pamoja hawakuwa na shangazi Mkomani, wakaolewa. Bweni la wasichana lenye mlezi anayejulikana lingewaingiza wengi kuliko karakana mpya.

---

Mzalendo_Hindi

Mimi nitasema jambo ambalo halitapendwa. Nafasi zipo, vijana hawataki. Nilichukua wawili shambani na mmoja kwenye ufundi wa umeme, wote wakaondoka ndani ya mwezi. Wanataka pesa ya leo leo. Tusiwalaumu wenye vyuo tu.

---

FundiLangoni

Mzee wangu Mzalendo, nimekuelewa na sikukatai, nami wamenikimbia wengi. Lakini nimejifunza kuuliza kwa nini. Mmoja alinikimbia wiki ya tatu, nikamfuata kwao. Nikakuta mama na ndugu wanne wadogo. Akinikalia mimi siku nzima bila kulipwa, jioni hapana sima. Akienda kubeba mawe jetini anarudi na mia tatu. Sasa wewe na mimi tungefanya nini kwa umri wa miaka kumi na saba?

Tangu hapo kila kijana wangu hula mchana hapa karakanani na tangu mwezi wake wa pili humpa kitu kidogo kila Alhamisi, hata kama bado ananiharibia mbao. Wanaoondoka wamepungua sana. Ule mradi wa serikali na Benki ya Dunia, KYEOP, ulioanza 2016, ulilielewa jambo hili: kijana alikuwa akilipwa posho wakati wa mafunzo, na anaweza kuwekwa kwa fundi wa mtaani, si lazima chuoni. Kijana maskini hawezi kujifunza kwa njaa.

---

JikoniMalindi

Salaam kutoka Malindi. Mimi ni mpishi. Nilianza kuosha sufuria kwenye hoteli moja huku nikiwa na miaka kumi na tisa, nikajifunza kukanda tambi za Kiitaliano kwa kumtazama bwana mkubwa wa jikoni, na Kiitaliano chenyewe nikakiokota ufukweni. Leo mtu akinipa unga, mayai na meza, nampa chakula ambacho Mwitaliano atauliza kimepikwa na nani.

Lakini huku kwetu kuna kusi. Aprili ikiingia, upepo unageuka, mwani unajaa fuoni, wageni wanaondoka, na sisi tunaambiwa tukapumzike hadi Julai. Tunapumzika bila mshahara. Kila mwaka tunaanza upya, na kila mwaka mwajiri mpya anauliza karatasi zile zile: cheti cha upishi, kadi ya afya ya wanaoshika chakula ambayo lazima ipimwe upya kila miezi sita, na cheti cha polisi cha mwenendo mwema ambacho ni shilingi 1,050 na alama za vidole. Mtu ambaye hajalipwa tangu Aprili anatoa wapi pesa za karatasi tatu?

Kuna jambo moja nililolijua nikiwa nimeshachelewa, na nataka wenzangu wa hoteli walijue. Kila mwajiri anatakiwa kisheria kutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinakwenda NITA kwa ajili ya mafunzo. Hazikatwi kwenye mshahara wako, ni zake. Na mwajiri anayewapeleka wafanyakazi wake mafunzoni anaweza kudai arudishiwe gharama. Nilimwendea meneja wangu wa sasa na habari hiyo. Hakuwa akiijua, analipa tu kila mwezi kama anavyolipa maji. Tukakubaliana miezi ya kusi, wakati jiko limelala, sisi wanne tufanye mafunzo na mtihani. Badala ya kukaa nyumbani tukitazama bahari.

Huo ndio ushauri wangu: miezi ya kusi itumike kwa vyeti. Ndiyo msimu ambao mtu ana muda.

---

MashineMokowe

Fundi umetaja milango na vyombo. Niongeze injini.

Mimi natengeneza mashine za boti. Mnakumbuka kesi ya wavuvi dhidi ya mradi wa bandari ya Lamu. Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na baadaye kwenye mazungumzo ikakubaliwa sehemu kubwa iwe vyombo na vifaa vya uvuvi, iliyobaki pesa taslimu. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Watu wote waliitazama bandari, nani ataendesha winchi, nani atapata ule ufadhili wa vijana 1,000 ulioahidiwa. Mimi nilikuwa nikijiuliza: hizi injini za wavuvi zitakapoharibika, nani atazifungua?

Kuanzia Kiwayu hadi Kipungani hesabu mafundi wa injini za boti ambao wana vifaa vyote. Ni wachache mno. Mvuvi injini ikimfia, anaisafirisha hadi Amu au Mokowe, anangoja wiki, kaskazi inampita. Fundi mmoja Kiwayu, mmoja Ndau, mmoja Faza, wangekula vizuri wala wasihame kwao.

Kijana anahitaji kujua vitu vitatu kabla sijamwachia injini ya mtu. Aisikilize: injini inayovuta maji vizuri hutoa mchirizi unaolingana kwa nyuma, ukidhoofika, kuna kitu kimeziba. Ajue plagi iliyolowa mafuta na iliyoungua zinatofautianaje rangi. Na aioshe kwa maji matamu kila ikitoka baharini, maana chumvi ndiyo inayokula mashine zetu kuliko kazi. Hayo hayahitaji darasa la miaka miwili. Yanahitaji injini mbovu tatu za kuchezea na mtu wa kukaa nawe.

Na wanaotaka kuendesha boti za wageni, wakumbuke cheti cha nahodha kutoka KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya. Ukizaliwa na bahari bado karatasi utaulizwa, na kwa hili mimi naona ni haki, ni roho za watu.

---

MamaWaWatatu

Hamjambo. Mimi si fundi, mimi ni mzazi, nipo Shela. Nina kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Anasoma na kuandika, anazungumza kwa ishara. Nimezunguka naye. Mmoja aliniambia hawezi kumchukua kwa sababu hatasikia akiambiwa "angalia!" Mwingine hakusema kitu, alitikisa kichwa tu akaendelea na kazi. Fundi, hivi kuna karakana inayoweza kumpokea mtu kama huyu, ama nijiondoe tamaa? Niambieni ukweli.

---

FundiLangoni

Mama, usijiondoe tamaa.

Nilipokuwa kijana nilifundishwa na mzee mmoja ambaye masikio yake yalikuwa yameharibika kwa uzee, karibu hasikii kabisa. Alikuwa akiweka kiganja cha kushoto juu ya ubao akipiga randa kwa kulia. Makali yakianza kufa alijua kabla yetu sisi tunaosikia, kwa mtetemo tu. Alikuwa akinigusa bega na kunionyesha jiwe la kunolea. Kwa hiyo mimi hilo la "hatasikia" siliogopi katika nakshi. Kwenye msumeno wa umeme, ndiyo, pana la kupanga: anasimama upande anaoona mlango na watu wote, na tunaweka taa ya kuwaka mashine ikiwashwa. Ni taa na waya.

Umri wake umo, kazi zimo. Nitakuuliza moja tu: je, mikono yake inatulia? Yaani anaweza kukaa na kitu kimoja saa nzima?

---

MamaWaWatatu

Anatengeneza mitego ya samaki na babu yake. Huanza baada ya alfajiri, nikimletea chai saa nne nakuta hajainua kichwa.

---

Mwalimu_Ufundi

Nafundisha useremala kwenye kituo kimoja cha mafunzo ya ufundi, nisingependa kukitaja. Nimesoma yote, nina matatu ya kusema.

La kwanza, jina. Mwambie kijana wako wa Kizingitini asikate tamaa kwa herufi. Akale kiapo mbele ya hakimu au wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, apate hati ya kiapo yenye muhuri, halafu aende ofisi ya usajili wa watu na cheti chake cha kuzaliwa ili kitambulisho kitoke na jina sahihi. Sisi siku hizi mwanafunzi akijiandikisha tunaweka karatasi zake zote juu ya meza siku ya kwanza na kusoma majina herufi kwa herufi. Tumekuta matatizo kwa wengi wao. Afadhali lijulikane Januari kuliko siku ya mtihani.

La pili, karatasi ya maandishi. Vijana wanaotoka karakana za mtaani huangukia hapo, na si kwa kutojua. Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza. Nilimwona mmoja akitazama swali kuhusu kiungo ambacho amekikata kwa mkono wake mara mia, ule ulimi wa ubao unaoingia kwenye tundu la mwimo. Hakujua kwamba ndicho kinachoulizwa. Aliacha wazi. Fundi, chukua kipande cha ubao, kila kifaa na kila kiungo kiandikwe jina lake la Kiingereza na kitundikwe ukutani pembeni ya kifaa chenyewe. Kijana akichukua tezo, analisoma. Baada ya miezi mitatu yamemwingia bila darasa.

La tatu, kuna huu mradi wa serikali kwa vijana uitwao NYOTA. Ni kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, na kwa wenye ulemavu hadi 35, wenye elimu isiyozidi kidato cha nne. Una ruzuku ya biashara ya shilingi 50,000 inayotolewa kwa awamu, sehemu ikiwekwa akiba, na una njia ya kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao bila kumrudisha darasani. Mama wa Shela, mwanao bado ana miaka mingi ndani ya umri huo. Msajili kwanza katika baraza la taifa la watu wenye ulemavu apate kadi yake. Nafasi zinapofunguliwa hazikai wazi muda mrefu, na mwenye karatasi tayari ndiye anayewahi.

---

KijanaWaMkomani

Mwalimu asante. Swali langu ni la dini na ni la kweli, msinishangae. Mimi nataka vifaa vya kuchomelea. Kila nikiuliza naambiwa kachukue mkopo. Hustler, ule mfuko wa mikopo wa serikali, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Babangu hataki riba iingie nyumbani kwake na mimi pia sitaki. Wengi wa marafiki zangu wamebaki hapo hapo. Tufanye nini?

---

Mwalimu_Ufundi

Hukosei kuuliza, mwanangu. Uwezo Fund, mfuko mwingine wa serikali, haitozi riba. Inakopesha vikundi vilivyosajiliwa, kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000, na kuna miezi sita ya nafasi kabla ya kuanza kulipa. Tafuteni wenzako unaowaamini, msajiliwe, nendeni ofisi ya mfuko huo katika eneo bunge lenu. Na kikundi chenu cha vijana kikiwa na usajili, kumbukeni sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mageti ya shule, madirisha, vitanda vya hospitali, hizo zote ni kazi za mchomeleaji.

---

BintiWaFaza

Na kama kikundi bado, kaka wa Mkomani, fanya kama nilivyofanya. Chama kikuletee kitu, kisikuletee pesa. Pesa zikifika mkononi kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna deni la dukani.

---

Nimerudi_Malindi

Nimesoma kimya siku mbili. Naandika kwa sababu hakuna aliyetaja watu kama mimi.

Nilikuwa teja. Miaka saba. Sasa niko kwenye methadoni, kliniki ya hapa Malindi. Wengi hamjui utaratibu wake: dawa hunywewa pale pale kliniki mbele ya mhudumu, kila siku. Ni dawa iliyonirudishia usingizi, sahani na mama yangu. Lakini nikiomba kazi au mafunzo, wanataka niwe kazini saa moja unusu. Nikisema nitafika saa tatu na nikisema kwa nini, mlango umefungwa. Nikidanganya, nitagunduliwa. Nilipata nafasi ya kufundishwa kuweka vigae kwenye nyumba moja ya mgeni, nikaikosa kwa saa moja na nusu hiyo.

Sitaki kuhurumiwa. Nataka fundi anayeweza kuniambia "njoo saa tatu, ondoka saa kumi na mbili." Saa zangu nitazitimiza. Tuko wengi tunaoamka mapema kuliko wenye kazi ili tuwahi foleni ya dawa, halafu mchana kutwa hatuna la kufanya, na kutokuwa na la kufanya ndiko kulikonipeleka kule mara ya kwanza.

---

JikoniMalindi

Ndugu yangu, nimesoma mara mbili. Jikoni kwetu zamu ya pili inaanza saa nne asubuhi. Msimu ukirudi Julai tunatafuta mtu wa maandalizi, kumenya, kukata, kusafisha samaki. Si kazi kubwa lakini mimi nilianzia chini ya hapo. Nitazungumza na meneja na nitamwambia ukweli wote, maana wewe umetuambia ukweli. Siwezi kuahidi kwa niaba yake. Mimi naahidi kukusimamia. Niandikie faraghani, na uanze kushughulikia kadi ya afya sasa.

---

Mzalendo_Hindi

Nimerudi. Yule kijana wa umeme niliyemtaja juu, nilimpigia simu jana usiku baada ya kusoma haya. Mama yake alikuwa amelazwa. Hakuwa na uso wa kunieleza. Anarudi Jumatatu, na chakula cha mchana ni juu yangu.

---

FundiLangoni

Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akulipe.

Niwape habari za kijana wa Kizingitini. Jana tulikwenda pamoja, akala kiapo, hati ina muhuri. Leo asubuhi amepeleka karatasi zake kwa ajili ya kitambulisho. Mtihani wake atafanya awamu ijayo, na safari hii sisi mafundi watatu wa Langoni tumechanga nauli na ada tukaziweka kwa mtu mmoja, ziwe mfuko. Akipita, akishapata kazi, atarudisha kidogo kidogo kwa ajili ya anayefuata. Hatukuandika mkataba, tumepeana mikono. MashineMokowe ameomba kuingia, na dada wa Faza amesema shangazi yake wa Mkomani ana chumba kwa wasichana wawili wakati wa mitihani.

Mwalimu, ubao wa majina nimeuanza leo. Nimefika kwenye randa na nimekwama jina la keekee, nitumie tafadhali.

Mama wa Shela, mlete kijana Jumamosi baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mashua ikikuleta, shuka jetini, uliza karakana yangu pale nyuma ya msikiti, watakuonyesha. Aje na mtego mmoja aliosuka mwenyewe, nataka kuuona. Na unifundishe kwanza ishara mbili tatu kwa picha au video kwenye simu: "simama", "hapana", na "vizuri".

---

MamaWaWatatu

Nimemwonyesha ujumbe wako ameusoma mwenyewe. Ameuliza aje na mtego mkubwa au mdogo.

---

FundiLangoni

Ule aliousuka akiwa peke yake.